Kwa Nini Sikuja Kumzika Baba

Gothenburg,
Uswidi.
19 Novemba 1995

Mpendwa Kalunde, mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za hapo Mutomo? Mama yetu, Mwaitu, anaendeleaje na miguu? Mvua imenyesha, au ndengu zimekauka tena kabla ya kutoa maua?

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Nimeisoma mara nyingi. Umeniambia Mwaitu hataki msalaba usimamishwe kwenye kaburi la Baba mpaka mimi, kifungua mimba wake, nifike. Umeniambia pia alivyosema Baba mdogo Kilonzo mbele ya watu wa kanisa: "Huyo ashakuwa mzungu. Hata kulia hawezi." Na wewe ukanitetea, ukawaambia nina mtambo usioweza kuachwa hata saa moja.

Acha nikueleze mtambo wenyewe. Ni utando wa metali, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu mara maelfu. Tunautia ndani ya chupa kubwa ya chuma yenye gesi ya heliamu iliyogeuzwa maji, baridi ambayo hata Uswidi haiijui. Ukipoa hivyo, umeme hupita ndani yake bila kuzuiwa na chochote. Joto dogo likiugusa, hata lile la mionzi ya mbali angani ambayo macho hayaioni wala redio haiishiki, umeme huanza kuzuiwa, nasi tunajua kuna kitu.

Jumanne ile telegramu yako ya kifo cha Baba ilipofika, niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya kidirisha cha mtambo. Hilo ni kosa ambalo hata mwanafunzi halifanyi, maana mwili wa mtu una joto na mtambo hulinasa. Kalamu ya mtambo ikaruka kwenye karatasi. Lars, ninayefanya naye kazi, akapiga makofi akidhani hatimaye mtambo umekubali. Nikamwambia ni mimi tu. Nikasogea kando, nikaendelea kuandika vipimo mpaka jioni.

Sikulia. Sijalia mpaka leo. Naamka, nakula, naenda kazini, na ndani hakuna kitu. Wazee husema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na macho yangu mimi ni mazima kabisa.

Sasa nikuambie ukweli, Kalunde. Mtambo uliweza kuachwa. Heliamu iliisha Jumatano, na Lars mwenyewe aliniambia niende nyumbani. Baba alizikwa Jumamosi, na ndege zilikuwepo. Nilikudanganya, nawe ukaupeleka uongo wangu kanisani ukiuamini. Naona aibu kwa hilo. Niliogopa kusimama kaburini macho makavu, watu wote wakinitazama na Mwaitu akiona.

Nitafika Jumamosi tarehe 16 Desemba. Huenda bado sitalia. Msalaba nitausimamisha hivyo hivyo.

Nisalimie Baba mdogo Kilonzo, usimfiche kwamba nakuja. Nisalimie shangazi Ndila na watoto wako, Muli na Mumbua. Mungu awalinde nyote, na awape mvua ya kufikisha ndengu ghalani.

Najua ukimsomea Mwaitu barua zangu huwa unaruka mabaya. Hii msomee yote.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Nzioka