Kaka Chacha, Mbwa Wako Walimtia Joshoni

Kaka Chacha,

Amani ya Bwana iwe huko ulikopumzika. Sisi huku hatuna amani, na leo nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Mbwa wako Polisi nusura afe. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali yangu mimi dada yako.

Tangu tukuzike, Nyansurura imebadilika. Nyumba za kijiji kipya zimefika mpaka kwenye lile shamba letu la mtama. Na ofisini kwako wameleta bwana mifugo mwingine. Huyo nitamfikia.

Unazikumbuka siku za josho. Ng'ombe wa kijiji kizima wanaruka mmoja mmoja ndani ya yale maji ya dawa, wanaogelea, wanatokea upande wa pili, kupe kwisha. Na wewe, kabla hujagusa hata ndama, ulikuwa unamfunga Polisi kule mbali kwenye mgunga, kwa kamba fupi. Watu wakakutania, "Mbwa wa bwana mifugo haogi na ng'ombe wa wakulima!" Ulicheka nao. Hukusema kwa nini unamfunga. Sisi tukajua ni maringo yako tu.

Basi tangu uondoke, Polisi alijaa kupe masikioni. Nani angekaa kumtoa mmoja mmoja huku anamwimbia pambio kama wewe? Shemeji yako Marwa akamhurumia. Siku ya josho akambeba kama ndama, akapaza sauti watu wote wasikie: "Leo ni usawa! Kwenye ujamaa hakuna mbwa wa bwana mkubwa!" Akamtupa ndani. Tulicheka wote, wengine wakapiga makofi.

Polisi akatoka, akajikung'uta, akalala juani, akaanza kujilamba. Miguu, tumbo, kila mahali. Haikuchukua muda mate yakamtoka kama povu, miguu ikatetemeka, akaanguka mlangoni pa jiko langu akinitazama. Akinitazama mimi, kaka, kana kwamba mimi ndiye wewe.

Nikakimbilia kwa huyo bwana mifugo mpya. Hakuinuka kitini. "Mama, dawa za serikali ni za ng'ombe. Mbwa ni nini?" Nikamwambia mbwa huyu ndiye aliyebweka wezi wa mifugo walipolivamia zizi la kijiji, bila mbwa huyo yeye bwana mifugo asingekuwa na ng'ombe wa kuwatibu hapa. Akanitazama mikononi kama nimekuja na kuku. Hakuona kuku. "Basi kachimbe shimo," akasema, "kabla hajaanza kunuka."

Sijamsamehe. Kila jioni napiga magoti nasema "utusamehe makosa yetu," nikifika pale kwenye "kama sisi tunavyowasamehe," naruka. Mungu ananiona ninavyoruka.

Mzee wa kanisa naye akaja kunituliza. "Dada, mbwa hana roho, usijisumbue." Nikamwuliza, Lazaro alipolala na vidonda vyake mlangoni kwa tajiri, nani alimwendea? Si tajiri. Si mzee wa kanisa. Ni mbwa! Akavaa kofia yake akaenda.

Marwa ndiye aliyesema twende Morotonga kwa mzee Nyamhanga, yule mliyekuwa mkichanja naye ng'ombe kule Nyangoto, sasa amestaafu. Tukamfunga Polisi kwa kanga yangu nyuma ya baiskeli. Marwa anasukuma, mimi nimeshika kichwa. Njiani vijana wakatupigia kelele: "Mura, huyo bibi harusi unampeleka wapi?" "Anakwenda kliniki, ana mimba!" Marwa akazidi kusukuma. Alikuwa analia, kaka. Mwanaume aliyetahiriwa mbele ya ukoo mzima bila kupepesa jicho, analia juu ya usukani wa baiskeli.

Mzee Nyamhanga hakuuliza huyu ni mbwa au ni ng'ombe. Alimfunua ufizi, akamnusa manyoya, akasema, "Josho." Akakunja mikono ya shati, akamwogesha mwenyewe kwa sabuni ya kufulia, akamsuuza, akamwogesha tena, huku anamsemesha Kikurya taratibu kama anavyosemeshwa mtoto mgonjwa. Akamchoma sindano, akamlaza gizani ghalani kwake. Nikamwuliza tumlipe nini. "Akikojoa vizuri, mama, nimeshalipwa."

Ndipo akatueleza. Ng'ombe akitoka joshoni anakaukia juani. Mbwa anajilamba mpaka akauke, ile dawa yote anaimeza. "Chacha alilijua hilo," akasema. "Ndiyo maana alimfunga." Marwa akakaa chini palepale kwenye matope.

Alilijua! Kaka, hasira yangu nusu ni ya yule wa ofisini, na nusu ni yako. Ulifunga kamba, ukacheka na watu, ukanyamaza. Kila kitu ulifanya kwa mikono yako huku unatufukuza, "Tokeni hapo, niacheni nifanye kazi," halafu ukaondoka na mikono yako. Mbwa wa jirani yetu Wambura alikufa vilevile, wewe ukiwa wiki ya kwanza kaburini. Tukasema amerogwa. Ungetuambia neno moja tu. Moja!

Polisi ni mzima. Mguu wa nyuma anauburuta kidogo. Mchana analala kwenye kaburi lako, jioni anarudi kula. Marwa anamtoa kupe mmoja mmoja. Pambio hazijui, anampigia mluzi.

Pumzika, kaka. Nimekukasirikia, lakini pumzika. Nakuahidi hivi: siku ya josho nitamfunga Polisi kwenye mgunga uleule, kwa kamba fupi, na nitasimama hapo. Kila anayepita nitamwambia kwa nini. Akicheka, nitamwambia tena. Na yule bwana mifugo naye nitamwambia, mbele ya watu, kwa adabu. Nikishamaliza, huenda jioni hiyo nikaisema ile sala yote bila kuruka.

Dada yako,
Bhoke