Chai ya Wageni Kumi na Wawili

Mpendwa dada Nyawira,

Mvua inanyesha hapa Nyeri tangu asubuhi, na nimekukumbuka hadi nimekasirika. Ungenicheka. Ulinicheka hata siku ile watu wa Mweiga walipokuja kukuposa, na mimi siku hiyo sikuona cha kuchekesha. Nilijua wakishiba na kuridhika utaenda zako, nami nitabaki Kiriaini na kitanda chetu kizima peke yangu.

Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, na baba ndiyo kwanza alikuwa amepanda chai. Tulitarajia wageni wanne. Wakaja kumi na wawili, na makoti yao mazito! Mama alikuwa akihangaika na viazi, kwa hivyo chai nikaachiwa mimi, msomi wa darasa la sita. Ulikuwa umenifunza chai ya watu wanne: maji vikombe vinne, maziwa viwili, majani vijiko viwili. Nikaona hesabu ni rahisi. Wageni wameongezeka wanane, basi kila kitu naongeza nane. Nikatia maji vikombe kumi na viwili, maziwa kumi, majani vijiko kumi.

Ukaja kuonja kabla haijapelekwa.

"Ngai! Hii ni chai ama ni dawa ya minyoo? Uliweka aje?"

"Niliongeza nane kila mahali."

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ukachuchumaa mbele yangu na ile nguo yako mpya, humo humo kwenye moshi, kana kwamba hakukuwa na mtu anayekungoja.

"Watu wanne ni sufuria moja. Na kumi na wawili?"

"Tatu."

"Sasa hapo huongezi, unazidisha. Kila kitu mara tatu. Haya, majani uliweka ya sufuria ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Tano."

"Maziwa?"

"Tano pia. Lakini maji ni ya tatu."

"Si umeona? Ni maji tu inakosa. Leta ya sufuria mbili."

Niliyaleta polepole, dada. Polepole sana. Wageni wakanywa, wakaongezwa, wakasifu, wakaelewana na baba. Ukaenda Mweiga. Ukawa unakuja Krismasi na mtoto mgongoni, halafu na watoto, halafu ukaanza kuugua, na sasa ni sisi tunaokuja kwako, na maua.

Siku hizi nafundisha darasa la sita hapa mjini. Kila mwaka wanafunzi wangu wanaongeza pale pa kuzidisha, tena kwa ujasiri ule ule wangu. Basi nawapikia chai ubaoni, sufuria moja, sufuria tatu, mpaka waelewe. Jana msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwalimu, na wewe ulifunzwa hii na nani?"

Sikuwa nimelitaja jina lako tangu tulipokuzika. Niliogopa nikilitaja nitalia mbele za watu. Nikajikaza, nikasema kwa sauti, "Nilifunzwa na Nyawira."

Na unajua watoto wa shule, anachosema mwalimu wanakirudia. Darasa zima likaitikia, "Nyawira!"

Nikawaambia, "Tena."

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako