Siku ya Kuvunjwa kwa Lysá

Ostrava, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Kaka yangu Lumír,

Hujambo huko kwenye giza lenu la Norwei? Mgongo unaendeleaje, na yule mwenye nyumba amekwisha kutengeneza kipasha joto, au bado unalala na koti? Sisi huku tupo. Mama hajambo, ila magoti. Juzi kaoka keki ya bábovka, ikaungua chini, akalilaumu jiko kama kawaida yake. Mimi bado nachonga meno ya bandia ya watu wasiojua kusema ahsante. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu nitalia, na wewe ukinisikia nalia unaanza kunisimulia habari za hali ya hewa.

Habari yenyewe inamhusu ndugu yetu Radim, na inabidi nianze na ile meli yake.

Unaukumbuka mchezo wake wa kompyuta, ule wa vita vya angani, ambao sisi tulikuwa tukisema ni ugonjwa wa watoto na yeye ana ndevu. Waliouunda waliuacha zamani. Wanaoupenda ndio wanaouweka hai, kila mmoja akiunda meli yake na kuitia humo, bila malipo. Ya kwake Radim aliiita Lysá, kwa jina la mlima wetu. Alikuwa akiiunda kwa miaka, ribiti moja moja. Kila dirisha alilijua. Aliwahi kunionyesha kitundu kidogo kama punje ya mtama akaniambia hicho ni dirisha la chooni, maana hata askari wa angani huenda haja. Nilimwambia atafute mke.

Halafu yule kupe wa msituni, siku ile tulipokwenda kuokota uyoga, akampa homa ya ubongo, ikamfuta kumbukumbu, na mengine unayajua.

Majira ya kiangazi alikuja nyumbani mtu anayeitwa Evžen, kutoka Olomouc. Ana upara, tumbo, na sauti ya mchungaji wa kanisa. Ndiye kiongozi wa kikundi chao. Alisema watatoa mkusanyiko wa mwisho wa meli zao kabla ya Krismasi kisha wavunje kikundi, wamechoka, wengine wana wajukuu. Lysá ilikuwa tayari, isipokuwa jambo moja: haikuwa na mabaki. Nikamuuliza mabaki gani. Akanieleza, kama anayemfundisha mtoto, kwamba meli ya vita ikipigwa lazima ipasuke, na vipande vyake lazima viwe vimeundwa mapema, kimoja kimoja, la sivyo ikipigwa mchezo mzima unakwama. Isitoshe, wana desturi yao. Meli haikubaliwi mpaka ivunjwe mbele ya kikundi kizima, na aliyeiunda ndiye anayetoa amri ya kuipiga. Hukaa baa, wakaitazama ikisambaratika, wakagonga meza, na jina la mwenye meli likaandikwa ndani ya mchezo. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuivunja meli ya mwenzake. Evžen alisema watu wazima wamewahi kununiana mwaka mzima kwa jambo hilo.

Lumír, hapo ndipo nilipoingiwa na wazimu. Nilijiambia kwamba Radim akiiona Lysá inatembea, akaitwa atoe amri, kitu kitafunguka kichwani mwake. Sikulifikiria kama bahati nasibu. Niliamini kabisa, kama Mama anavyoamini supu ya kuku. Nikamwomba Evžen anifundishe kukata vipande.

Nilijifunza jikoni, kwenye kompyuta ya Radim, Evžen akiwa masikioni mwangu kwa simu. Alinigombeza vibaya. “Dada, unakata keki au unapasua chuma? Chuma hakikatiki hivyo, kinararuka!” Nami nikamjibu kwamba mimi kazi yangu ni meno, na yeye mwenyewe kwa sauti yake yamebaki machache. Alicheka mpaka akakohoa. Tukawa marafiki namna hiyo.

Nilipoipasua mara ya kwanza niliogopa. Nilidhani ndani nitakuta vyumba, ngazi, labda hicho choo. Hakuna kitu. Ni ngozi tu, na ukiitazama kwa ndani hata ngozi yenyewe haionekani, unaona nyota za upande wa pili. Evžen alisema ndivyo meli zote zilivyo, nani aunde mahali pasipoonekana. Lakini mimi niliumia, kwa sababu nilikuwa natafuta chochote alichokiacha. Jumapili, nilipokwenda kumtazama Radim anakouguzwa, nikamwuliza mwenyewe, ndani ya Lysá tuweke nini? Alifikiri sana, uso umekunjamana, kisha akasema viazi. Unajua siku hizi maneno humponyoka. Nikaenda nyumbani nikajaza mbavu za chuma, mabomba na sakafu zilizopinda, na mahali pamoja nikaweka gunia la viazi. Usicheke. Au cheka, mimi nilicheka.

Mwezi wa kumi vipande vilikuwa tayari. Evžen na wenzake wawili walikuja kwenye nyumba anakouguzwa Radim, na kompyuta, na chupa za soda ya Kofola badala ya bia. Mama alivaa gauni lake la harusi za watu. Tulimkalisha Radim mbele. Lysá ikatokea polepole kwenye kioo, taa zinawaka madirishani, na mimi nilikuwa nimeushika mkono wa Mama mpaka akaniambia nitamvunja.

Radim aliinama akaitazama kwa jicho moja, kama alivyokuwa akifanya zamani. Akasema, “Aisee, hii imekwenda shule. Ya nani?”

Evžen akamwambia ni yako wewe, bwana mdogo. Radim akatabasamu kwa adabu, kama mtu anavyotabasamu kwa mzaha asioujua. Evžen akaendelea, akamwomba atoe amri ipigwe. Hapo Radim akakasirika. Alisogeza kiti nyuma akasema, “Nyie vipi? Hamjui sheria? Huwezi kuvunja meli ya mtu asiyekuwepo. Mngojeni mwenyewe.”

Desturi anaikumbuka. Sheria anaikumbuka yote. Mtu tu ndiye hayumo.

Basi tukamngoja mwenyewe. Ungesema nini? Tulikaa tukanywa Kofola. Kila mlango ulipofunguliwa Radim aligeuka. Akaingia muuguzi, Radim akamuuliza kama meli ni yake. Akaingia mzee mmoja wa chumba cha pili anayetafuta viatu vyake, akamuuliza yeye pia. Evžen alitoka nje, na nilipomfuata nilimkuta amesimama karibu na mapipa ya taka, anajifuta uso kwa kofia.

Baada ya hapo daktari alituita mimi na Mama. Ni mwanamke mpole. Alisema kwamba kilichokuwa cha kurudi kimekwisha kurudi, na kwamba tuanze kumzoea huyu aliyepo. Mama aliuliza kama angemletea karanga za jozi nyingi zaidi, maana redioni wanasema ni nzuri kwa ubongo. Daktari akasema jozi hazina madhara. Lumír, tulishuka ngazi zile tumeshikana mikono. Sijui kama umenielewa, kwa hiyo nasema wazi: Radim wetu harudi. Sina tena tumaini, na sitaki mtu anitafutie jingine.

Kila nilipokwenda aliniuliza kama mwenyewe amekuja. Nikawa namwambia bado. Evžen alipiga simu, akasema kwa sauti ya chini kwamba muda umekwisha, na meli isiyovunjwa haiwezi kuingia, wenzake wamekataa katakata. Lysá ingebaki kwenye kompyuta jikoni, kando ya ndoo ya viazi, mpaka kompyuta ife.

Alhamisi nilikwenda kwa Radim pamoja na Evžen. Radim aliuliza kama kawaida, yule mwenyewe vipi. Nami nikasema, “Ni mimi. Nimechelewa, samahani. Ni yangu.”

Kaka, uso wake uliwaka. Alisimama, akanyoosha nguo, akanipa mkono kama wanavyopeana wanaume wa kikundi chao, akaniambia jina lake kamili, kama hatujawahi kuonana. Alinikalisha mbele na yeye akakaa pembeni. Nikatoa amri. Lysá ikapasuka katikati, mabomba yakatoka, na gunia la viazi likamwagika angani. Radim alicheka mpaka machozi. Akagonga meza kwa viganja vyote viwili, akagonga na kugonga, akasema, “Hongera, mama! Hongera sana! Hii umeifanya kwa upendo, inaonekana.” Hajafurahi hivyo tangu augue.

Jina lililoandikwa ni langu. Evžen alitaka kuandika la Radim, lakini Radim mwenyewe alisimama nyuma yake, akamwelekeza herufi kwa herufi, ahakikishe hajamdhulumu mwenye meli. Nimemnyang’anya kitu cha mwisho alichokuwa nacho, naye akanipigia makofi.

Njoo Krismasi kama watakupa ruhusa. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usivue kofia. Evžen naye anakusalimu ingawa hamjuani. Radim hajatuma salamu. Nilimwambia nakuandikia, akaniuliza Lumír ni nani, nikamwambia ni kaka yangu. Akasema nina bahati, yeye angependa sana kuwa na kaka.

Ni mimi dada yako,
Vendula