Nilivyomkana Tumpe

Jumapili, Juni 1955

Nimemkana mwanangu leo, na yeye mwenyewe amesikia.

Tumpe ana miaka saba na hajawahi kutulia kwenye benchi ibada nzima. Leo, mchungaji mgeni kutoka Iringa akiwa katikati ya mahubiri, aliponyoka mikononi mwa mama yake, akakimbilia mlangoni na kuvuta kamba ya kengele. Kanisa zima likacheka.

Tulipotoka, mchungaji akaniuliza, "Mwalimu, yule binti ni wa nani?"

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa wenzangu adabu. Nikasema, "Ni wa jirani." Kumbe Tumpe alikuwa nyuma yangu, ameshika koti langu.

Nyumbani hakuonekana. Tulikuwa tumemkaribisha mchungaji chai, na mke wangu akaninong'oneza nikamtafute mtoto. Nilimkuta kwa jirani yetu, Mama Sekela, anamenya viazi, ametulia kuliko siku zote.

"Mwalimu, ameniuliza atalala wapi," Mama Sekela alisema. "Anasema umemwambia mchungaji kwao ni hapa."

Sikuweza kumtazama usoni yule mama. Nikamwambia Tumpe twende nyumbani.

"Mchungaji ameshaondoka, Baba?"

Nikasema bado. Nilipaswa kumshika mkono na kumpeleka mbele ya yule mgeni, niseme huyu ni wangu. Sikufanya hivyo. Nilikaa chini kando yake, nikachukua kisu, tukamenya viazi pamoja mpaka mchungaji alipoondoka.