Mimba ya Mgongoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha Polisi, Kigoma mjini
Tarehe: 16 Agosti 2023, kuanzia saa 4:10 asubuhi
Jina: Marsiana Oswald
Umri: Miaka 61
Kabila: Muha
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima wa mihogo na muuza dagaa
Makazi: Ilagala

Mimi Marsiana natoa maelezo haya kwa hiari yangu, na sikuitwa na mtu. Nimepanda gari la alfajiri kutoka Ilagala baada ya kusikia kwamba Castory, mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali niliyotibiwa, yuko mahabusu tangu juzi kwa tuhuma za wizi. Aliyechukua ni mimi. Na hicho kinachosemwa kimeibwa ni mtoto wangu.

Afande ameniambia nianzie siku ya wizi, mambo ya zamani niyaache. Nimemwambia nikianzia hapo ataandika kitu ambacho hata yeye hatakielewa. Amecheka kidogo, akaniruhusu.

Mwaka 1994 nilikuwa na mimba ya tatu. Ilikuwa mimba ya tabu tangu mwanzo. Mtoto akicheza nilikuwa naumia mpaka nakaa chini, jambo ambalo kwa wanangu wawili wa kwanza, Diana na kaka yake, sikuliona. Mwezi wa tisa ulipofika nilishikwa na uchungu siku mbili, ikatoka damu kidogo, kisha uchungu ukakatika na mtoto akanyamaza. Mkunga wa jadi aliyekuwa akitusaidia pale kijijini alinipapasa, akasema mimba imehamia mgongoni na itakaa huko mpaka itakapotaka yenyewe kurudi. Huku mjini labda mtacheka. Kwetu haikuwa habari ngeni, kila mtu alikuwa na shangazi au jirani aliyewahi kuambiwa hivyo. Mume wangu Gervasi aliamini, na mimi niliamini, kwa hiyo hospitali hatukwenda. Simlaumu yule mkunga, naye alishafariki.

Ubaya wa mimba ya mgongoni ni kwamba haina msiba. Mtoto hajazaliwa, na wala hajafa. Maziwa yalinijaa, yakakauka yenyewe. Nilibaki na kitu kigumu tumboni upande wa kushoto, nikilala ubavu huo kinanichoma. Hakuna aliyekuja kunipa pole, maana pole ya nini? Wanawake wenzangu waliniuliza kama bado, miaka ikapita wakaacha kuuliza, na wengine wakawa wananicheka pale tunapoanikia dagaa. Hilo liliniuma sana na sikulisema kwa mtu.

Gervasi hakuacha. Alikuwa mvuvi, na mtoto alishampa jina la baba yake, Jeremia, kwa sababu mkunga alisema ni wa kiume. Kila akirudi kutoka ziwani alikuwa ananiwekea kiganja tumboni, bado ananuka samaki wa migebuka, na kuniuliza, "Bado?" Mwaka 2009, akiwa kitandani na ugonjwa uliomuua, aliniuliza vile vile. Nilimjibu bado. Jibu lile lilikuwa limenichosha lakini sikuwa na lingine la kumpa.

Mwishoni mwa mwezi uliopita tumbo lilifunga. Nilitapika, sikupata choo wala upepo, tumbo likajaa na kukaza. Binti yangu Diana, anayekaa Buzebazeba hapa mjini, alinifuata Ilagala akanileta hospitalini. Walinipiga picha. Daktari Jonathan aliiangalia ile picha kwa muda, akatoka, akarudi na mwenzake wakaiangalia wote wawili. Nikajua ni jambo kubwa. Tarehe 1 Agosti, siku ya Jumanne, alinipasua.

Nilipopata nguvu ya kusikiliza alikuja akakaa kitandani kwangu na kunieleza taratibu. Alisema mimba ile haikuwa mgongoni, na wala haikuwahi kukaa kwenye mji wa mimba. Ilitunga nje, ikajishikiza kwenye utando unaofunika matumbo, na mtoto akakulia huko mpaka miezi yake ikakaribia kutimia. Njia ya kutokea hakuwa nayo. Alipokufa, mwili wangu haukuweza kumtoa na haukuweza kumwozesha, ukawa unampaka chokaa kidogo kidogo mpaka akawa mgumu kama jiwe. Sasa utumbo ulikuwa umejinyonga juu yake, ndiyo maana tumbo lilifunga.

Nilimuuliza, "Kwa hiyo amekufa?"

Akasema, "Ndiyo, mama. Siku nyingi. Pole sana."

Ilikuwa pole ya kwanza. Nililia mpaka nesi akaja kunikataza kwa sababu ya mshono. Daktari hakuondoka, alikaa pale mpaka nikamaliza. Nasema haya ili ieleweke kwamba Daktari Jonathan simsemi vibaya.

Siku chache baadaye alirudi akanieleza kuwa alichokitoa kitapelekwa Mwanza kupimwa. Kwenye utando uliomzunguka mtoto aliona uvimbe ambao hakuupenda, na lazima ijulikane kama ni saratani. Alisema pia kwamba wataalamu wa huko wangependa kumwona mtoto mwenyewe bila kukatwa, kwa sababu madaktari wengi wanastaafu bila kukutana na kitu hicho. Alikuwa anasema sampuli. Nilimuuliza ikishapimwa nitarudishiwa. Akasema ataulizia. Mimi ni mtu mzima, nimeshaambiwa na watu wengi kwamba wataulizia, hivyo nikaelewa.

Tarehe 12 Agosti, siku ya Jumamosi, niliruhusiwa kwenda nyumbani. Diana alitoka kutafuta bajaji. Castory ndiye aliyekuwa ananisukuma kwenye kiti cha magurudumu, na tulipofika karibu na chumba chao cha upasuaji nilimwomba anionyeshe mtoto. Alikataa. Nikamuuliza kama amewahi kuona kilichopelekwa Mwanza kikarudi, akasema tangu aanze kazi pale hajaona. Nilimwomba tena. Akaangalia huku na huku, akaniingiza, akafungua mfuniko wa ndoo alimowekwa.

Alikuwa amekunja magoti, mkono mmoja uko shavuni. Rangi yake ni ya ukuta uliopakwa chokaa zamani. Masikio yalikuwepo. Usoni ule utando ulikuwa umemfunika, sikuweza kumwona vizuri, lakini vidole vya miguu vilikuwa vya Gervasi kabisa, kile cha pili kimepita kidole gumba. Dawa ya kuhifadhia ilikuwa inachoma macho. Sikulia, kwa kuwa nilitaka kumwona.

Nilimwambia Castory, "Mwanangu, huyu namchukua."

Akaniuliza, "Mama, unamchukua ukamfanye nini?"

Nikamwambia, "Nikamzike."

Akasema anaweza kufukuzwa kazi, nikamwambia najua. Nilimwomba kwa jina la mama yake, na huo ulikuwa uonevu wangu kwake. Alivaa glovu, akamtoa, akamsuuza kwa maji, akamviringisha katika kitambaa cha kijani cha upasuaji na plastiki juu yake. Hakuomba chochote na sikumpa chochote. Sikumwambia Diana mpaka tulipokuwa ndani ya bajaji, na alipoelewa alishika mdomo, lakini hakunirudisha.

Mshono haukuniruhusu kubeba kitu mbele, na kumpakiza kwenye buti pamoja na magunia ya watu nilikataa. Diana alinisaidia kumfunga mgongoni kwa kitenge, mimi nikajifunika kingine juu. Nilisafiri naye hivyo mpaka Ilagala. Ndani ya gari mwanamke mmoja alimwinua kijana wake ili mama mwenye mtoto akae. Baadaye akaniuliza mbona mjukuu ametulia hivyo, halii wala hageuki. Nilimjibu amelala. Akasema ni mtoto mzuri, hasumbui. Nikamshukuru.

Jumapili tarehe 13 tulizika. Shemeji yangu Nikodemu, mdogo wake marehemu Gervasi, ndiye aliyechimba. Katekista alisema hana ibada ya mtoto wa namna hii na hataki kufanya jambo asiloruhusiwa, lakini alibaki, akatuongoza Baba Yetu. Wanawake walikuja na unga wa muhogo na mawese, wakalala kwangu kwenye mikeka, hata wale waliokuwa wananicheka. Nilipewa pole mpaka sauti ya kuitikia ikaniisha. Nilikuwa na huzuni, afande, lakini nilikuwa na raha pia, na sioni aibu kuisema.

Jumatatu ndoo ilipotakiwa kusafiri ilikutwa na dawa tupu. Castory alisema ukweli kwamba amempa mama wa mtoto. Hana karatasi yoyote ya kuonyesha, kibali cha mazishi hakipo, na mtaani watu wameshasema amemuuzia mganga. Hapo ndipo alipokamatwa. Habari zilinifikia jana jioni kwa simu ya Diana.

Nilikuja hapa nimeazimia kusema mambo mawili tu, kwamba Castory si mwizi, na kwamba kaburi silionyeshi. Nilidhani neno langu litatosha. Afande amenieleza kwamba bila kuonekana nilichozika, hakuna wa kuzuia Castory asipelekwe mahakamani, na kesi ya viungo vya binadamu si kesi ya mchezo. Daktari Jonathan naye yupo hapa tangu asubuhi. Ameniambia hospitali haina haja ya kumfunga kijana, lakini ule uvimbe lazima upimwe, kwa kuwa kama ni saratani inaendelea humu ndani wakati sisi tunazungumza. Ameniuliza kama nataka kumfuata mwanangu. Ukweli ni kwamba kwa afya yangu peke yake nisingekubali, ningesema aachwe apumzike, mimi nimeshaishi.

Lakini Castory ana mke na watoto wawili, mkewe nimemkuta hapo nje kwenye benchi, mdogo yuko kifuani ananyonya. Wale ni wazima. Wangu amekufa. Neno hilo sikuwa nimewahi kulitamka kwa mdomo wangu mpaka sasa hivi mbele ya afande. Jeremia amekufa, na aliye hai lazima atoke.

Kwa hiyo kaburi nitalionyesha. Naomba jembe nishike mimi na shemeji yangu. Naomba daktari akate pale pale kipande anachokihitaji kwenye ule utando, mtoto asipelekwe popote, na nirudi kumfukia siku hiyo hiyo. Na naomba safari hii azikwe kwa kibali, ili asije mtu mwingine kusema ameibwa.

Haya ndiyo maelezo yangu, nimeyasema mwenyewe nikiwa na akili zangu, nikasomewa nikayasikia, na hakuna nilichoongezewa wala kupunguziwa.

Dole gumba la kulia: Marsiana Oswald

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Mimi Koplo Leonia nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Yamekamilika saa 6:35 mchana. Shahidi aliomba kupumzika mara moja.

Mkuu wa kituo ameridhia maombi yake, na Daktari Jonathan amekubali kuchukua kipande tu. Tunaondoka naye pamoja na shahidi sasa kwenda Ilagala. Castory atapewa dhamana leo, mkewe amejulishwa.

Kibali cha mazishi kimejazwa na daktari hapa kituoni, mbele yangu na ya shahidi. Jina la marehemu: Jeremia Gervasi. Jinsi: Me. Kwenye umri daktari aliniuliza aandike nini, nami nikamuuliza shahidi. Alisema, "Andikeni mnavyoona." Daktari aliiacha sehemu hiyo wazi, akatia saini.