Kadi za Mwaka na Mdomo wa Gaudensi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Maharage yameshika huko Kagerankanda? Mimi ni mzima, ila joto la huku Ghuba linanichosha. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nataka mdogo wangu Evarista akusomee haya kwa sauti, akina mama wa kwaya wakiwepo.

Nimesikia Gaudensi aliwaambia watu kwamba nimetolewa getini kwa wizi, na kwamba tangu hapo unakaa nyuma kabisa kanisani. Mama, rudi kwenye benchi lako la mbele. Sikuiba kitu.

Hapa kazini ni uwanja wa burudani. Kuna mabembea, treni zinazopinduka hewani na gurudumu kubwa la kupandisha watu juu. Wageni hukata tiketi ya siku. Wenyeji wa mji hununua kadi ya mwaka, wanalipa mara moja kisha wanaingia wakitaka. Mimi nilikuwa nakagua hizo kadi getini.

Gaudensi, yule wa Kasulu mjini niliyekuja naye, ndiye alikuwa msimamizi wetu. Wenye kadi aliwachukia. "Wanajaza viti tu na kula wali wao wa nyumbani," alisema. "Faida iko wapi?"

Nikamwambia kila wakija wanaleta binamu na majirani wasio na kadi, na hao wanalipa. Tena hakuna mtoto anayepita kwenye aiskrimu akanyamaza.

Akanijibu mbele ya wenzangu, "Mkimbizi utanifundisha biashara?"

Mama, ninyi ndio mlivuka kutoka Burundi, mimi nimezaliwa hapo hapo Kagerankanda na uraia tunao. Kesho yake nikapelekwa kusafisha vyoo, naye akapiga simu nyumbani kueneza habari za wizi. Nikasugua vyoo nikingoja siku yake.

Mkurugenzi wetu, mama mmoja mwenyeji wa hapa, aliposafiri, Gaudensi akaamuru wenye kadi wasiingie jioni wala siku za mapumziko. Nilimwona bibi mmoja, Umm Salim, mteja wetu wa siku nyingi, akirudishwa na wajukuu wanaolia. Habari zikaenea mjini. Uwanja ukapoa. Gurudumu likawa linazunguka na viti vitupu, bisi zinamwagwa, sherehe za siku ya kuzaliwa za watoto zikahamia kwingine. Hata wageni wachache waliokuja waliuliza kama pamefungwa.

Mkurugenzi aliporudi alitukusanya. "Nani aliwazuia wenye kadi? Miezi ya joto wageni wakikimbia, ni hao wanaotulisha."

Gaudensi akasema wasichana wa getini walielewa vibaya. Wasichana wakainamisha vichwa, wanaogopa kurudishwa makwao. Kisha akanitazama, akaninong'oneza kwa Kiha, "Mfasha, mushiki wanje." Nimsaidie, mimi dada yake. Siku hiyo sikuwa mkimbizi tena.

Nikaweka ndoo chini. "Ni yeye," nikasema kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. "Aliamuru mbele yetu sote. Na mimi alinipeleka vyooni kwa sababu nilimpinga." Hapo wenzangu nao wakafungua midomo.

Amefukuzwa. Mimi nimerudishwa getini, na siku aliyotoka na begi lake nilimfungulia mwenyewe, taratibu, nikimtazama usoni. Nilifurahi, mama, na bado nafurahi. Umm Salim ameanza kuja tena na wajukuu.

Atakapofika Kasulu atakuwa na hadithi nyingine. Mwacheni aisimulie, halafu Evarista asome barua hii tena mbele yake.

Nisalimie baba mdogo anayetulindia shamba, na shangazi wa Munanila. Mchungaji naye msalimie, ila mwambie asiniombee moyo wa kusamehe kwa sasa. Na mama yake Gaudensi akija kukuomba nimsamehe mwanawe, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, halafu mwambie bado.

Mwanao anayekupenda,
Spesioza