Nilichojibu Kwenye Simu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba wanafunzi wako wa jioni hawakuchoshi sana. Huku hatujambo. Goti la mama limepoa; sasa anakwenda kwa jirani na kurudi bila fimbo, na umbea wote anarudi nao. Analalamika kwamba hupigi simu. Namwambia umebanwa na kazi.

Mimi bado niko idara ya usafi ya halmashauri, chumba kile cha mwisho karibu na choo. Malori matatu, mabovu mawili. Ratiba uliyoichora ulipokuja kufanya mazoezi ya kazi ingali ukutani, na ndiyo tunayoifuata. Hujui nilivyoichukia. Miaka tisa nilikuwa nikiwaambia watu wa sokoni kwamba mafuta hayatoshi. Wewe ulipanda lori siku nne, ukashuka unanuka taka, ukabadilisha njia tu, na soko likaanza kuzolewa taka kabla ya saa mbili asubuhi. Mkurugenzi alikuja akaniuliza, mbele ya madereva, kama kweli mimi na wewe tumezaliwa tumbo moja. Madereva walicheka, nami nikacheka nao. 

Chama chetu cha wahitimu wa uongozi wa serikali za mitaa unakijua, maana mimi ndiye niliyekuingiza. Unajua pia nafasi ile ya kila mwaka: mhitimu mmoja anapelekwa kuwa msaidizi wa mkurugenzi wa mji, huku mkurugenzi mstaafu akimfunda. Niliiomba mara mbili, nikakosa. Mwaka huu ukaomba wewe. Ulipokosa ulinipigia ukilia, ukasema labda hukujieleza vizuri kwenye usaili. Nikakubembeleza. Nikakwambia nafasi kama zile zina wenyewe.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na mkutano wa chama. Kijana aliyepewa nafasi hiyo alisimama kueleza kazi yake. Akasema jambo lililompa sifa kuliko yote ni ratiba ya kuzoa taka aliyoiiga kutoka halmashauri yetu. Mwenyekiti, yule mama mstaafu mwenye sauti ya upole, akaniomba nisimame. Nikasimama. Ukumbi mzima ukanipigia makofi, mdogo wangu, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Makofi niliyoyatamani miaka yote yale, nikayasikia yakikuita wewe.

Baada ya mkutano nilimfuata mwenyekiti kwenye ngazi nikamwambia yote. Sasa nakwambia wewe.

Ulifaulu usaili. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Wiki ile mwenyekiti alinipigia simu, akasema wamebakiza jambo moja tu: mji uko mbali, je, utaweza kuhama? Aliniuliza mimi kwa kuwa ni kaka yako. Nilimjibu kwamba mama ni mgonjwa sana, kwamba kila mwisho wa wiki unarudi kumuuguza, na kwamba kwa aibu usingemwambia mtu, lakini ungeiacha kazi kabla ya miezi mitatu. Nilisema kwa huruma tele. Alinishukuru kwa kusema ukweli. Wakati huo mama alikuwa uani, anaanika nguo na kuimba.

 Kwenye ngazi mwenyekiti alisema nafasi ile haiwezi kurudi, ila kuna mji mwingine, mkubwa zaidi, unaotafuta msaidizi. Atalipeleka jina lako, hawezi kuahidi. Akaniambia nirudishe kadi ya uanachama, na nikuandikie kabla hajakupigia Jumatatu, kwa sababu ni haki yako kulisikia hili kutoka kwangu. Kadi nimerudisha.

Nisikufiche na hili: aliposema mji mkubwa zaidi, kijicho kilinichoma upya, palepale, machozi yangu yakiwa hayajakauka. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba nimepona. Nakuambia tu usiniulize tena ushauri wa kazi, na mtu akitaka habari zako, asielekezwe kwangu.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote. Ukiamua ajue, mweleze, sitakana hata neno moja. Simu ya Jumatatu ipokee.

Ni mimi, kaka yako, ukikubali bado niitwe hivyo.